Mamlaka ya Kufuta Kisichoonekana

Kwa utaratibu wa asili wa Unix, kichwa cha kwanza katika ukurasa wa mwongozo, neno NAME, hukozwa bila rangi wala fonti ya pekee. Programu ya nroff huandika N, huweka alama ya kurudi nyuma hatua moja, kisha huandika N nyingine juu ya ile ya kwanza. A hivyo hivyo, na M, na E. Mashine ya chapa iliyounganishwa na kompyuta iligonga kila herufi mara mbili, wino ukakolea. Ndani ya faili, neno hilo la herufi nne lina alama 12: herufi nane na amri nne za kurudi nyuma. Anayetaka kulihifadhi kama maandishi ya kawaida ana zana mbili mkononi. Akitumia tr -d '\b', ambayo hufuta kila alama ya kurudi nyuma na kuacha mengine yote kama yalivyo, atapata NNAAMMEE. Akitumia col -b, ambayo katika kila nafasi ya mstari hubakiza herufi iliyoandikwa mwisho, atapata NAME. Zote mbili zimeondoa alama zile zile nne, na zote mbili, kwa maana tunayoizoea, zimesafisha. Lakini zimetuachia maandishi mawili yasiyofanana, na ndani ya faili hamna kitu kinachotamka ni yapi kati ya hayo yaliyokuwa yamefichwa na uchafu.

Hapo pana swali la falsafa ambalo watumiaji wa amri hizi hulipita kila siku bila kulitazama. Tunaposema tumesafisha maandishi, tunachukulia kwamba maandishi yenyewe yapo, kamili, na kwamba kitu kigeni kimeyagandia. Naona dhana hiyo ina kasoro kubwa. Alama za udhibiti, yaani zile zisizo na umbo la kusomeka bali huamuru mashine ifanye jambo, hubeba uamuzi kuhusu namna maandishi yanavyopaswa kusomwa. Uamuzi huo hautoweki alama zinapofutwa. Huhamia kwa programu iliyofuta, au kwa msomaji, au hupotea na kuondoka na sehemu ya maana. Kusafisha ni kuhamisha mamlaka ya kusoma kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, na anayefanya hivyo anawajibika kujua amemkabidhi nani. Jambo hili linaonekana dogo kwa sababu zana zake ni ndogo. Amri nzima haizidi maneno matatu. Hata hivyo, watu wa dini walilijadili kwa uzito mkubwa karne nyingi kabla ya kompyuta, na nitarejea kwao, maana walilielewa vizuri kuliko sisi.

Kwanza tuzitazame alama zenyewe. Hazikuletwa baadaye kama nyongeza juu ya maandishi ya kompyuta. Msimbo wa ASCII, ulioanza mwaka 1963 na kurekebishwa 1967, una nafasi 128, na 33 kati yake ni za udhibiti: namba 0 hadi 31, pamoja na 127. Namba 7 hugonga kengele. Namba 10 hushusha karatasi mstari mmoja, na 13 hurudisha kichwa cha kuchapia mwanzo wa mstari. Zilitenganishwa kwa sababu kwenye mashine kama Teletype Model 33 hiyo ilikuwa mijongeo miwili ya chuma. Ninayotaka tuiangalie kwa karibu ni 127. Enzi ya utepe wa karatasi, kila herufi ilikuwa safu ya nafasi saba, na kila nafasi ama imetobolewa ama imeachwa. Tundu likishatobolewa halizibiki. Basi aliyekosea aliurudisha utepe nyuma na kutoboa nafasi zote saba juu ya herufi yenye kosa. Matundu saba kamili hufanya namba 127, na mashine ikaagizwa kuiruka. Hiyo ndiyo asili ya alama ya kufuta: ilikuwa kuandika zaidi, na mahali pa kosa pakawa na matundu mengi kuliko herufi nyingine yoyote kwenye utepe. Namba 0, utepe usiotobolewa kabisa, ndiyo iliyokuwa utupu. Waliopanga msimbo waliijua tofauti kati ya mahali ambapo hapakusemwa kitu na mahali ambapo kilichosemwa kimebatilishwa, wakaziweka kwenye ncha mbili za orodha. Programu inayofuta 0 na 127 kwa mkupuo mmoja inaifuta tofauti hiyo pia.

Mwanafalsafa wa Oxford J. L. Austin, katika mihadhara aliyoitoa Harvard mwaka 1955 na iliyochapishwa 1962 baada ya kifo chake, alionyesha kwamba zipo kauli ambazo hazielezi habari bali hutenda. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kwenda mbali kupata mfano: mume anayemtamkia mkewe talaka haelezi hali ya ndoa yao, anaibadilisha. Alama ya udhibiti ni kauli ya aina hiyo iliyofika mwisho wake, kwa kuwa haina hata chembe ya maelezo iliyobaki. Namba 7 haimaanishi kengele, kengele inalia. Na kama ilivyo kwa kila tendo, ni lazima awepo wa kutendewa. Ndiyo sababu programu nyingi za Unix huuliza kwanza zinazungumza na nani. Amri ya ls ikijikuta mbele ya terminali hupanga majina ya faili kwa safu kadhaa. Ikijikuta inaandika kwenye faili au inaipitishia programu nyingine, huweka jina moja kwa kila mstari. Amri ya grep ikiachiwa rangi kwa hiari yake yenyewe, hutia rangi mbele ya terminali na kuziacha kwingineko. Kwa mtunzi wa programu hizo, hakuna matokeo safi yaliyopambwa baadaye. Kuna matokeo kwa msikilizaji huyu na matokeo kwa msikilizaji yule, na yote mawili ni maneno halali ya programu ile ile.

Sasa tuchukue mfano mgumu zaidi kuliko neno lililokozwa. Programu fulani inajaribu kupakua faili. Jaribio la kwanza linakwama, nayo inaandika imeshindwa. Inajaribu tena, inafaulu, inatuma namba 13 ili kurudi mwanzo wa mstari ule ule, na kuandika tayari juu ya neno la kwanza. Neno la pili lina herufi sita, la kwanza lina kumi. Ikiwa mtunzi hakukumbuka kufuta mabaki, kwenye skrini kutasomeka tayarindwa. Ukiipitisha kumbukumbu hiyo kwenye col -b utapata tayarindwa vile vile, kwa kuwa zana hiyo inaiga karatasi: kila nafasi inabaki na herufi iliyofika mwisho. Ukitumia tr -d '\r' utapata imeshindwatayari. Ukiigeuza kila namba 13 kuwa mwanzo wa mstari mpya, utapata mistari miwili, wa kwanza ukisema imeshindwa na wa pili ukisema tayari. Programu moja imeandika mambo mawili kwa zamu, na wasafishaji watatu wametoa ushahidi wa aina tatu. Ya kwanza inasimulia alichokiona aliyekaa mbele ya skrini, hata kama ni neno ambalo hakuna aliyekusudia kuliandika. Ya pili inasimulia herufi zilizopita kwenye waya. Ya tatu inasimulia matukio yalivyofuatana. Sioni hapa zana iliyokosea. Ninachokiona ni kwamba aliyechagua zana amechagua aina ya ukweli, na mara nyingi amechagua kwa kunakili amri aliyoiona mahali, bila kujua kwamba palikuwa na kuchagua.

Hoja kubwa zaidi dhidi ya ninayoyasema imo katika kitabu cha mwanafalsafa Nelson Goodman, Languages of Art, cha mwaka 1968. Goodman alishikilia kwamba utambulisho wa andiko ni mfuatano wa herufi zake. Mchoro ulionakiliwa kwa ustadi bado ni wa kughushi, lakini nakala ya shairi iliyo sawa herufi kwa herufi ni shairi lile lile, iwe imeandikwa kwa wino wa bei au kwa mkaa ukutani. Kwa mantiki hiyo rangi, kukoza na kengele ni mambo ya nakala, wala si ya andiko. Kuyaondoa hakuligusi andiko hata kidogo. Nakubali kwamba kwa rangi hoja hii inasimama. Anayefuta kipande kinachofanya neno liwe jekundu, na kuliacha neno lenyewe, hajabadilisha tahajia yake. Lakini Goodman anahitaji tuwe tayari tunazo herufi na mfuatano wake kabla hatujauliza swali la utambulisho, na alama ya kurudi nyuma inaingia kabla ya hapo. Yenyewe si herufi, ila ndiyo inayoamua herufi ni zipi na zimekaa wapi. Huwezi kuuliza kama NNAAMMEE na NAME zina tahajia moja mpaka uwe umeamua alama zile nne zilitenda nini, na ukishaamua, umeshasoma. Kipimo cha Goodman kinaanza kufanya kazi pale ambapo kazi ninayoizungumzia imekwisha.

Hapa narejea kwa watu wa dini, kama nilivyoahidi. Misahafu ya mwanzo ya Kurani iliandikwa kwa maumbo ya konsonanti peke yake, bila irabu na kwa sehemu kubwa bila nukta za kutofautisha herufi zinazofanana. Uislamu ulipoenea kwa watu ambao Kiarabu hakikuwa lugha yao ya mama, makosa ya usomaji yakaanza kuonekana. Mapokeo yanamtaja Abul-Aswad ad-Duali wa Basra, katika karne ya kwanza ya Hijra, kuwa ndiye aliyeanzisha nukta za irabu, zilizotiwa kwa wino wa rangi tofauti na maandishi. Karne iliyofuata al-Khalil bin Ahmad akabuni maumbo ya irabu ambayo mtoto yeyote wa chuoni katika pwani yetu anayajua leo. Mambo haya hayakupita bila mabishano. Wapo wanazuoni wa awali waliochukia kuuongezea msahafu kitu chochote. Waliofuata wakakubali, kwa sharti lililonigusa sana: Abu Amr ad-Dani, bingwa wa visomo wa Andalusia aliyefariki mwaka 1053, hakuruhusu nukta hizo zitiwe kwa wino mweusi, kwa kuwa zingechanganyika na umbo la asili la maandishi. Tazama uangalifu wa msimamo huo. Alikubali kwamba msomaji anahitaji kuelekezwa, akakataa maelekezo yajifanye kuwa andiko, na njia aliyoichagua ni kuyafanya yaonekane wazi kuwa ni maelekezo. Wasanifu wa terminali walikuja kutumia rangi kwa sababu nyingine kabisa, lakini sijaona kanuni ya kushughulikia alama zisizosomwa iliyo bora kuliko hiyo ya ad-Dani.

Juu ya irabu zikaja alama za kusimama. As-Sajawandi, aliyefariki mwaka 1165, alipanga mfumo wa herufi ndogo zinazomwonyesha msomaji mahali pa lazima kusimama, mahali panaporuhusiwa, na mahali ambapo asisimame. Herufi hizo hazitamkwi. Ni za udhibiti kwa kila maana ya neno, na zipo mahali ambapo zinabeba mzigo mzito kuliko amri yoyote ya terminali. Aya ya 7 ya Surat Al-Imran inazungumzia aya zilizo wazi na zile zenye kufanana, na inafika kwenye swali la nani anayejua maana ya hizi za pili. Ukisimama baada ya kutajwa Mwenyezi Mungu, ujuzi huo ni wake peke yake, na waliobobea katika elimu wanaanza sentensi mpya wakitangaza imani yao. Ukiunganisha, waliobobea wanaingia pamoja katika kujua. Walio wengi wamesimama. Miongoni mwa wafasiri wa mwanzo Mujahid anatajwa upande wa kuunganisha. Konsonanti hazikubadilika, irabu hazikubadilika. Kilichobadilika ni pumzi, na juu ya pumzi hiyo kumejengwa misimamo miwili kuhusu mipaka ya akili ya binadamu mbele ya wahyi. Atakayeyachukua maandishi ya aya hiyo na kuyapitisha kwenye programu inayofuta kila kisichotamkwa hatakuwa ameondoa pambo. Atakuwa amemrudishia msomaji swali ambalo vizazi vya wasomaji walikwisha kulitolea uamuzi, wala hatamwambia kwamba swali lipo.

Mtu makini atanijibu kwamba nimejishinda mwenyewe. Kama msahafu wa kwanza ulikuwa mtupu, basi utupu ndio asili, na anayesafisha anarudi kwenye asili. Atanitajia pia Wayahudi, ambao hadi leo gombo la Torati linalosomwa katika sinagogi huandikwa kwa konsonanti tupu, bila irabu wala alama za ghani, ingawa wanazuoni wa Tiberia walikwisha kuziweka kwa ukamilifu zaidi ya miaka elfu moja iliyopita na kodeksi ya mwaka 1008 iliyohifadhiwa St Petersburg inazo zote. Andiko takatifu kuliko yote ndilo lililosafishwa kuliko yote. Hoja hii ni nzito, na nimeipima kwa muda kabla ya kuona kwamba inaelekea upande wangu. Gombo hilo haliachwi peke yake. Msomaji hujifunza irabu na ghani kutoka nakala nyingine iliyotiwa alama kabla ya kusimama mbele ya watu, na anapoteleza wapo wanaomsikiliza na kumsahihisha papo hapo. Msahafu wa mwanzo nao ulikuwa mtupu kwa sababu vifua vya waliohifadhi vilikuwa vimejaa. Maandishi yalikuwa kumbukumbu ya kusaidia kilichokwisha kupokewa kwa masikio. Utupu ulikuwa salama kwa kuwa udhibiti wote ulikuwa umewekwa ndani ya watu, na watu hao walijulikana kwa majina na minyororo ya walimu wao. Alama zilianza kuandikwa pale watu hao walipopungua. Faili iliyosafishwa kwa amri na kutupwa kwenye hifadhi haina mwalimu wa kukaa nayo wala msikilizaji wa kuisahihisha. Imepewa utupu wa gombo bila jamii ya gombo.

Kuna pingamizi la pili, nalo ni la watu wa usalama. Alama zisizoonekana hudanganya, kwa hiyo kuziondoa ni wajibu na si suala la ladha. Hilo ni kweli. Faili yenye amri za terminali inaweza kuficha mistari yake yenyewe pale mtu anapoisoma, au kubadilisha kinachoonekana kwenye skrini. Mwaka 2021 Nicholas Boucher na Ross Anderson wa Cambridge walionyesha shambulio walilolipa jina la Trojan Source: kwa kutumia alama za Unicode zinazogeuza mwelekeo wa maandishi, msimbo wa programu unaweza kuonekana kwa binadamu katika mpangilio mmoja huku mashine ikiusoma katika mpangilio mwingine. Anayekagua anaona maelezo yasiyo na madhara mahali ambapo mashine inaona amri. Lakini alama hizo hizo ndizo zinazomwezesha mwandishi wa Kiarabu au Kiebrania kuchanganya sentensi yake na jina la Kilatini bila mpangilio kuvurugika. Ndugu zake wa karibu, alama zisizo na upana, ndizo zinazotenganisha viambishi kwa usahihi katika Kiajemi. Ukizifuta zote kwa jina la usalama, umewatoza watu wa lugha hizo gharama ya udanganyifu ambao hawakuufanya. Wanaotunza GCC, programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, walilielewa hilo. Toleo lao la 12 halifuti chochote. Linatoa onyo kwamba alama hizo zipo na ziko mstari gani, na kumwachia mtu uamuzi. Kwangu huu ni ushahidi mkubwa. Watu waliokuwa na kila sababu ya kuogopa, na uwezo wa kufuta, waliona kwamba dawa ya kitu kilichofichwa ni kukifichua.

Zana ya kufichua imekuwepo muda mrefu. Amri ya cat -v huonyesha alama za udhibiti, isipokuwa tab na ile ya kushusha mstari, kwa umbo linalosomeka: kurudi nyuma huwa ^H, kengele ^G, kurudi mwanzo wa mstari ^M, na ile inayotangulia amri za rangi huwa ^[. Programu ya less, isipoagizwa vingine, nayo huonyesha alama hiyo ya mwisho badala ya kuitii. Hatua hii ya kati, ya kuona bila kutii na bila kufuta, ndiyo ninayoiona kuwa wajibu wa kwanza wa kila anayesafisha. Inastahili kukumbukwa kwamba mwaka 1983 mtunzi wa programu Rob Pike alisimama kwenye mkutano wa USENIX, chama cha watumiaji wa Unix, kuipinga cat -v. Hakupinga alama kuonyeshwa. Alipinga zitafsiriwe ndani ya programu ambayo kazi yake ni kupitisha kitu kama kilivyo, na akataka kazi hiyo ifanywe na programu nyingine yenye jina lake. Nakubaliana na kiini cha hoja yake hata ninapoendelea kuitumia cat -v kila nikihitaji. Zana inayodai kuwa haigusi isiguse, na inayogusa itangaze.

Limebaki pingamizi ambalo kwangu ndilo gumu kuliko yote, kwa kuwa halitoki kwa wahandisi bali kwa wenye huruma. Amri ya script hurekodi kila kinachotokea kwenye kikao cha terminali, na mwongozo wake wenyewe unaitaja kuwa inawafaa wanafunzi wanaotaka kuthibitisha kwamba wamefanya zoezi. Pia unaonya kwamba inaandika hata alama za kurudi nyuma, jambo ambalo mtumiaji mgeni halitarajii. Maana yake ni kwamba kila kusitasita kwa mwanafunzi, kila neno alilolianza akaliacha, limo kwenye faili. Je, si haki kumsitiri? Dini zetu zinafundisha kusitiri aibu ya mwenzio, na aliyejisahihisha kabla ya kuwasilisha kazi hajamkosea mtu. Naikubali sitara hii kwa moyo wote. Nakataa tu kwamba inadai kuangamiza rekodi. Kusitiri ni kutoeneza, na anayesitiri anajua anachokisitiri. Asiyejua hasitiri, amepofuka tu. Mwanafunzi apewe haki ya kuwasilisha nakala iliyosafishwa, na rekodi ghafi ibaki kwake. Siku atakaposhukiwa kwamba amenakili kazi ya mwenzake, zile alama za kurudi nyuma, alizokuwa akizionea haya, ndizo zitakazoshuhudia kwamba vidole vilivyoandika vilikuwa vinafikiri.

Lakini ipo hali ambapo hata rekodi ghafi haipaswi kubaki. Programu inauliza jina la mtumiaji, naye kwa haraka anaandika neno lake la siri, tuseme bahari77, anashtuka, analifuta herufi moja moja, kisha anaandika asha. Kwenye skrini inabaki asha. Kwenye faili ya script zimo herufi zote nane za siri, na baada yake, kwa kila herufi iliyofutwa, mfuatano wa alama tatu: kurudi nyuma, nafasi tupu, kurudi nyuma tena. Mtu anayeamini kwamba col -b huondoa kila kilichofutwa ataipitisha faili hapo na kuituma kwa wenzake. Ila col, kwenye mifumo ya BSD na ya Linux, haihesabu nafasi tupu kuwa herufi iliyoandikwa. Huiruka tu na kusogea mbele. Basi nafasi zile tupu hazifuti kitu, jina linafunika herufi nne za kwanza, na matokeo yanayotoka ni ashari77. Skrini ilikuwa imeificha siri yote. Usafi umetoa nusu yake. Hapa kufuta ni wajibu, na kunapaswa kufanyika kwenye faili ghafi yenyewe, na mtu aliyekwisha kuifungua kwa cat -v na kuhesabu ^H moja baada ya nyingine mpaka akajua siri inaanzia wapi na kuishia wapi.